Kitari na sintesaiza kwa anayeanza: kabla hujatoa hela, uliza sauti inatoka wapi

Kinanda Kavu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za wakati huu.

Tangu ule uzi wa vinanda vya kanisani, PM zangu zimejaa swali lilelile: "Mkuu, nataka kitari, kile kinanda cha kuvaa kama gitaa, na sintesaiza ya kuanzia. Ninunue kipi?" Nimeona nijibu hapa, wengine wasome na wanaojua zaidi yangu waongezee. Mimi kitari napiga na bendi ya dansi wikiendi, Jumapili niko kwenye kinanda cha kawaida kanisani. Duka sina, simuuzii mtu.

Habari ya kampuni gani tuiweke kando kwanza. Swali la kuanza nalo ni: sauti inatoka wapi? Vitari viko vya namna mbili, na kwa macho huwezi kuvitofautisha. Cha kwanza kina sintesaiza, yaani mashine ya kuzalisha sauti kwa umeme, ndani yake. Unachomeka waya kwenye miksa, unapiga, watu wanasikia. Cha pili ni vitufe na mkanda tu, tumboni hakina sauti hata moja. Kazi yake ni kutuma taarifa za MIDI: umebonyeza kitufe gani, kwa nguvu kiasi gani, umekiachia lini. Taarifa hizo lazima zipokelewe na kitu chenye sauti, laptop au sintesaiza nyingine iliyokaa mezani. Jamaa mmoja wa bendi jirani alikuja ukumbini na cha kwake kipya, bado kina nailoni. Fundi mitambo alizunguka nacho akitafuta tundu la jeki mpaka bendi ikapanda bila kinanda. Kitari hakikuwa kibovu hata kidogo.

Mfano mzuri ni Roland. AX-7 ya 2001 na AX-Synth ya 2009 ukiziona kwenye picha ya muuzaji unaweza kudhani ni ndugu pacha. AX-7 haina sauti, AX-Synth inazo. Zote mbili zinazunguka sokoni zikiwa mtumba, na muuzaji mwenyewe mara nyingi hajui anauza ipi. Anakwambia "hii ni Roland original, bosi", basi.

Mgawanyo huu ni wa siku nyingi. Moog Liberation ya 1980 ilikuwa sintesaiza nzima ya kuvaa shingoni, mzigo wa maana. Mwaka 1983 ikaja MIDI, makampuni yakakubaliana namna moja ya mashine zao kuelewana, na kuanzia hapo hapakuwa tena na ulazima wa kubeba mashine yote begani. Mwaka uliofuata Korg wakaleta RK-100 na Yamaha wakaleta KX5, zote vitufe vya kuvaa tu, sauti ikibaki nyuma kwenye DX7, sintesaiza ya mezani ya Yamaha, au chochote ulichonacho. Kwa hiyo kitari kisicho na sauti siyo feki wala siyo cha bei rahisi tu. Ni mpango mwingine kabisa, unaotaka uwe na kitu cha pili.

Sasa niwaambie kile ambacho video za YouTube hazisemi. Kitari kinakunyang'anya mkono wa kushoto. Mkono huo unashika shingo, na pale shingoni kuna batani za oktavu, sustain (kurefusha mlio), modulesheni (kuutikisa) na ribon, ule utepe wa kutelezesha kidole ili kupindisha sauti. Vitufe unavipiga kwa mkono wa kulia peke yake, tena kifundo kikiwa kimekunjwa kwa namna ambayo mezani hukuizoea. Besi ya mkono wa kushoto, kwaheri. Kodi pana za mikono miwili, kwaheri. Ukijifunza muziki kuanzia hapo utakuwa mpiga solo asiyejua kuusindikiza wimbo, na bendi ya kwanza kukuita itakuuliza hilo hilo.

Ndiyo maana ushauri wangu kwa anayeanza kabisa ni kinanda cha mezani kwanza, chenye vitufe 61 vya ukubwa wa kawaida. Kitari kije baadaye. Na ukinunua sintesaiza sahihi, kitari chako cha baadaye kinaweza kuwa kile cha bei ndogo kisicho na sauti, kwa kuwa sauti tayari unazo.

Sintesaiza gani basi? Kwa kazi zetu, yaani kwaya, dansi, harusi na kurekodi kidogo nyumbani, mimi naangalia Roland JUNO-DS61 au Yamaha MX61. JUNO-DS61 ni nyepesi, ina piano, ogani, brasi na stringi za kukutosha, na inatumia betri 8 za AA. Hilo la betri msilidharau, umeme ukikatika katikati ya ibada wewe unaendelea, ukiwa na spika yenye betri pia. MX61 ina sauti zilizotoka kwenye Motif, familia ya sintesaiza kubwa za Yamaha, ambazo masikio ya watu wa kwaya yanazifahamu hata kama jina hawalijui, na ukiichomeka kwenye kompyuta kwa USB inarekodi bila kununua saundikadi. Zote mbili siyo toleo jipya, na hiyo ni habari njema kwa mfuko wako.

Vijana wengi wanatamani microKORG kwa sababu ya sura yake na vokoda, ile inayofanya sauti ya mtu iimbe kama mashine. Ni mashine nzuri, ipo sokoni tangu 2002 na haijafa. Ila ina sauti 4 tu kwa wakati mmoja, yaani noti nne basi. Shika kodi ya noti nne kwa sauti ya stringi inayofifia taratibu, halafu hamia kodi inayofuata: mpya inapoingia, ile ya kwanza inakatwa papo hapo badala ya kufifia. Kwa besi na solo hutaona shida. Kwa pambio la polepole, waumini watageuka kukuangalia. Korg Minilogue nayo ni sauti 4, lakini kwa kujifunza sintesaiza inavyofanya kazi sijaona kitu rafiki kuliko kile, kila kitu kina kitasa chake mbele yako: osileta inazalisha mlio, filta inakata makali, envelopu inaamua mlio uingie vipi na utoke vipi. Unazungusha, unasikia kilichobadilika.

Kama una laptop, masomo hayo unayapata bure. Surge XT na Vital ni sintesaiza za programu zisizo na malipo (Vital ina matoleo ya kulipia pia, la bure linatosha). Dexed inaiga DX7. Nenda nazo hata mwaka mzima kabla hujanunua chuma.

Upande wa vitari vyenyewe, nitataja vinne tu. Alesis Vortex Wireless 2 haina sauti, ina vitufe 37 vya ukubwa kamili na kipokezi cha USB kisichotumia waya. Yamaha SHS-500 ya 2019 ina sauti 30 za kuchagua na spika ndani, nyepesi kama mkoba, ila vitufe vyake ni vidogo. Korg RK-100S 2 ni ya mbao, ina sintesaiza ya noti 8 kwa wakati mmoja, nayo vitufe vyake ni vidogo. Roland AX-Edge ya 2018 ndiyo mfalme wa sasa: vitufe 49 vya kawaida, sauti zote ndani, vokoda, kilo 4 na ushei. Bei inaendana na ufalme huo. Mtu mwenye vidole vinene kama mimi asidanganywe na vitufe vidogo. Nimekaa.

---

Beat za Mbagala

Mkuu asante kwa shule. Mimi nina laptop na FL Studio, natengeneza biti za singeli. Nikichukua Vortex nikaunganisha na FL si nimemaliza? Sintesaiza ya nini tena?

---

Kinanda Kavu

Umemaliza kweli, kwa nyumbani na studio. Kwa jukwaani kuna mambo mawili.

La kwanza ni kuchelewa kwa sauti. Unabonyeza, laptop inafikiri, ndipo mlio unatoka. Kwenye FL nenda kwenye mipangilio ya odio, chagua draiva ya ASIO (ya kupunguza ucheleweshaji), halafu shusha bafa, yaani kile kipande cha sauti ambacho laptop inakiandaa kabla ya kukitoa. Bafa ya sampuli 512, kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, ni kama milisekunde 12, ya 128 ni kama milisekunde 3. Hiyo ni bafa peke yake, njiani kuna vingine vinavyojumlishwa. Kwa singeli, ambayo mwendo wake unapita midundo 200 kwa dakika, milisekunde 12 zilizojumlishwa na vikorokoro vingine utazihisi vidoleni. Na tafadhali, usitoe sauti kwa sabufa ya Bluetooth! Hapo hata ushushe bafa mpaka sifuri, mlio utakufikia ukiwa umeshahamia noti nyingine. Waya.

La pili ni joto na vumbi. Laptop juu ya spika, jukwaa la wazi, fani inalia. Siku ikijizima yenyewe kitari chako kinabaki pambo la shingoni. Mwenye sintesaiza mezani haogopi hilo.

---

Mwana Kwaya

Kwa hiyo nikiwa na JUNO-DS na Vortex, nachomeka kile kipokezi cha USB nyuma ya JUNO nasepa?

---

Kinanda Kavu

Hapana, na hapa ndipo wengi wanapokwama. Tundu la USB la nyuma ya sintesaiza nyingi ni lile la mraba kama la printa. Hilo ni la sintesaiza kuunganishwa na kompyuta. Kipokezi cha kitari nacho kinasubiri kompyuta. Vyote viwili vinamngoja bwana mkubwa, na bwana mkubwa hayupo. Suluhisho ni kisanduku kinachoitwa USB MIDI hosti, kikae katikati: upande mmoja USB ya kipokezi, upande wa pili waya wa MIDI wa pini tano kwenda kwenye tundu la MIDI IN la JUNO. Au laptop iwe katikati, lakini hapo umeirudisha laptop jukwaani.

Ukinunua kitari kisicho na sauti, kwanza tafuta kama kina tundu la MIDI la pini tano mwilini. AX-7 ya zamani inalo. Unavuta waya mrefu, hauna ujanja wa kisasa, unafanya kazi.

---

Mzee wa Rumba

Vijana, mimi nimepiga kinanda tangu enzi bendi inalala ukumbini. Kitari ni mbwembwe. Hakuna noti iliyomo humo isiyomo kwenye kinanda cha meza. Mnataka kupigwa picha tu.

---

Kinanda Kavu

Shikamoo mzee. Kwa noti uko sahihi na sibishani na wewe. Lakini mbwembwe nazo ni sehemu ya kazi ya dansi, wewe unalijua hilo kuliko mimi. Sebene likianza, mpiga solo anasogea mbele, besi anasogea, marapa wako pembeni ya wachezaji, na mpiga kinanda amefungiwa nyuma ya stendi kama karani wa benki. Herbie Hancock, mtu wa jazi mwenye heshima zake zote, anashuka kwenye piano anavaa Roland ya AX na kwenda kusimama uso kwa uso na mpiga gitaa wake. Kuna mazungumzo hapo ambayo ukiwa nyuma ya meza hayapatikani.

---

Mzee wa Rumba

Marahaba. Basi afundishwe kupiga kwanza. Hayo ya kusogea mbele atayakuta.

---

Solo Mtaani

Mkuu hebu tufafanulie hapo kwenye kupiga solo. Mimi nimekipata kitari cha jamaa, nikipiga inasikika kinanda tu, haifanani na gitaa hata kidogo.

---

Kinanda Kavu

Swali tamu. Tatizo mara nyingi siyo sauti uliyochagua, ni mkono wa kushoto umelala.

Chagua sauti ya lidi (ya kupigia solo) iliyo mono, noti moja kwa wakati. Nenda kwenye mipangilio uangalie ribon inapindisha kiasi gani, iweke nusu toni 2, mara nyingi inakuja hivyo tayari. Sasa uko kwenye C. Unataka kufika E kama mpiga gitaa anavyovuta waya: usibonyeze E. Bonyeza D, kisha telezesha kidole cha kushoto kwenye ribon mpaka mwisho wa juu. Umefika E, na masikio yamesikia safari yote. Ukitaka F usianzie E, maana E kwenda F ni nusu toni moja na itabidi usimamishe kidole katikati ya ribon kwa kubahatisha. Anzia E♭, ile nyeusi, sukuma mpaka mwisho, umetua F safi. Kwa kila noti unayotaka kuifikia, rudi nyuma vitufe viwili ukihesabu na vyeusi.

Halafu kuna kosa ambalo linaharibu kila kitu: kuinua kidole kwenye ribon wakati kitufe bado kimebonyezwa. Ribon inarudi sifuri na noti inaruka chini kama imejikwaa. Achia mkono wa kulia kwanza, kushoto baadaye. Fanya hivyo polepole na metronomu mpaka mikono izoee kupishana.

Na sebene lenyewe lina tabia yake. Gitaa la solo la Kikongo linapenda noti mbili zinazotembea pamoja, tatu kwa tatu au sita kwa sita, yaani ya pili ni ya tatu au ya sita ukihesabu kwenye skeli kuanzia ile ya kwanza. Hapo mono haifai. Badilisha sauti uende kwenye kitu kikavu kinachokatika haraka, gitaa safi au marimba, usiguse ribon kabisa, piga noti mbili mbili kwa vidole. Ribon ihifadhi kwa ajili ya pale unapoingia peke yako. Msikilizeni mpiga kinanda Jan Hammer mkipata nafasi, alivyoifanya sintesaiza ivute noti kama gitaa la umeme.

---

Binti wa Mvita

Asalaam aleikum. Huku Mombasa tunapiga taarab, na mzee wetu hataki kusikia kinanda kwenye nyimbo za rasti na bayati, anasema kinaharibu. Kitari kitaweza?

---

Kinanda Kavu

Waaleikum salaam dada. Mzee ana hoja. Maqamu hizo, yaani skeli za Kiarabu, zina noti zinazokaa kati ya kitufe cheupe na cheusi, robo toni, na kinanda kilichosetiwa kizungu hakinazo. Violini na udi vinazipata kwa kidole. Kwa hiyo usianze na kitari. Tafuta kinanda chenye uwezo wa kubadilisha skeli, kile ambacho unaweza kuishusha E robo toni kwa kubonyeza mara moja. Korg za familia ya Pa zinaweza, na Yamaha PSR-SX pia. Ukiwa nacho, kitari kisicho na sauti kinaweza kukiendesha kwa MIDI na robo toni zako zikatoka vilevile, maana sauti ni ya kile cha mezani. Kwa laptop, Surge XT inakubali mafaili ya tyuningi.

Wala usiogope kinanda cha kuvaa kwenye taarab. Akodiani imevaliwa kifuani Unguja miaka mingi na hakuna aliyeiita mbwembwe.

---

Dili za Tandika

Kuna kitari cha mtumba kimetoka Japani, jamaa anakitoa kwa bei ya kutupa. Nikichukue?

---

Kinanda Kavu

Soma kibandiko cha nyuma kabla ya bei. Japani umeme wao ni volti 100, wa kwetu ni 230. Kikiwa kinachomekwa ukutani moja kwa moja, bila transfoma ya kushusha umeme utakichoma siku ya kwanza. Kikiwa cha adapta, iache adapta ya Kijapani, nunua nyingine ya 230 inayotoa volti zilezile, lakini angalia na kale kamchoro ka duara kenye alama ya kuongeza na kutoa. Vinanda vingi vya nyumbani vya Yamaha vinataka volti 12 na chanya katikati. Roland nyingi zinataka 9 na hasi katikati. Pini inaweza kuingia bila shida na mashine ikafa.

Ukikishika, fungua mlango wa betri uangalie kutu ya kijani, betri zilizovuja zinakula waya za ndani. Kisha chagua piano, piga kila kitufe kimoja kimoja kwa nguvu ileile. Kikitokea kimoja kinapiga kelele kuliko wenzake, mpira wa chini yake umechoka au una uchafu. Unasafishika, ila shusha bei. Pitisha kidole kwenye ribon huku umeshika noti, usikie kama inaruka. Vuta vifungo vya mkanda. Na kikiwa hakitoi sauti, rudi juu kabisa ya uzi huu.

---

Beat za Mbagala

Mkuu la mwisho. Nina milioni moja na nusu. Kitari na sintesaiza vyote vitatosha?

---

Kinanda Kavu

Vyote viwili vizuri, hapana. Chukua sintesaiza ya mtumba yenye vitufe 61 na MIDI IN ya pini tano, pedali ya sustain, hedifoni za waya, na kinachobaki weka. Laptop unayo tayari, kwa hiyo kitari kikifika kitakuwa na sauti za kuendesha pande zote mbili. Ukienda dukani nenda na hedifoni zako. Wakikwambia kinanda hakijaribiwi mpaka ulipe, toka.